Tusikumbuke Bukta Tukasahau Mkataba



Tarehe 25 Julai 2021 mji wa Kigoma ulipata ugeni usio wa kawaida. Fainali ya Kombe la Shirikisho, iliyozikutanisha Simba na Yanga, ilichezwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Simba ilishinda kwa bao moja bila jibu, lililofungwa kwa kichwa na Taddeo Lwanga wa Uganda. Yanga ilimaliza mchezo ikiwa na watu kumi, kwa kuwa Mukoko Tonombe, kutoka kwa jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, alikwisha kuonyeshwa kadi nyekundu.

Hata hivyo, pambano lile likitajwa vijiweni Mwanga, Gungu au Ujiji, si bao wala kadi linalokuja kwanza midomoni mwa watu. Wanaanza na Bernard Morrison, mshambuliaji wa Simba aliyetoka Ghana, ambaye katika shamrashamra za kushangilia alivua bukta mbele ya halaiki. Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania, yaani TFF, lilimfungia mechi tatu na kumtoza faini. Lilikuwa kosa, likaadhibiwa, na adhabu ikatumikiwa. Hatuandiki leo ili kulifufua, wala si desturi ya kurasa hizi kumcheka mtu aliyekwisha kulipa deni lake.

Tunaandika kwa sababu siku ile ile mtu yule alikuwa amebeba jambo zito zaidi, ambalo macho ya uwanja hayakuweza kuliona. Shauri la mkataba wake, lililozihusu klabu zote mbili zilizokuwa uwanjani, lilikuwa bado linasubiri hukumu nchini Uswisi. Kigoma iliiona bukta. Mkataba haikuuona. Nasi tunasadiki kwamba kwa wazazi wenye vijana wanaopiga mpira mchangani kutoka Kibirizi hadi Katonga, huo mkataba ndio wenye funzo.

Tuyapitie maisha yake ya kazi kwa kifupi. Morrison alizaliwa Ghana mwaka 1993, akaanzia soka lake huko kwao. Baadaye alikwenda Kinshasa kuichezea AS Vita Club, akatoka hapo akaenda Afrika Kusini kwa Orlando Pirates, kisha akarudi Kinshasa kwa DC Motema Pembe. Januari 2020 alitua Dar es Salaam na kujiunga na Yanga. Tarehe 8 Machi mwaka huo alipiga mpira wa adhabu uliokwenda moja kwa moja wavuni, na Yanga ikaifunga Simba bao moja bila. Kwa bao hilo jina lake likawa wimbo nchini.

Haikupita miezi mingi, wimbo ukageuka mabishano. Yanga ilisema mchezaji huyo alikwisha kutia saini nyongeza ya mkataba itakayomfikisha mwaka 2022. Morrison alikana, akasema kwamba mkataba anaoutambua yeye ni ule wa miezi sita aliokuja nao, nao ulikuwa umekwisha. Mwezi Agosti 2020 Simba ikamtangaza kuwa mchezaji wake. Kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji ilisikiliza pande zote kwa siku kadhaa, ikaamua kwamba mkataba ule wa nyongeza ulikuwa na mapungufu na kwamba mchezaji yu huru. Yanga haikuridhika, ikakata rufaa katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliyopo Lausanne. Hukumu ilitoka Novemba 2021, miezi kumi na mitano baada ya uamuzi wa kwanza, na madai ya Yanga yakatupwa.

Hatuna nia ya kuirudia kesi iliyokwisha kuamuliwa na wenye mamlaka, wala ya kuitukana klabu yoyote ambayo wengi wenu mnaipenda. Tunauliza swali moja tu. Iliwezekanaje kwamba klabu kongwe, yenye viongozi na wanasheria, na mchezaji mzoefu aliyekwisha kufanya kazi katika nchi nne, wasikubaliane juu ya jambo jepesi kama hili: karatasi gani ilitiwa saini, lini, na kwa muda gani? Kama wakubwa hawa walihitaji kamati, kisha mahakama ya ng'ambo, ili kulijua hilo, itakuwaje kwa kijana wa miaka kumi na saba kutoka Ilagala au Kalya, ambaye hajawahi kuona mkataba, na ambaye baba yake anaambiwa atie dole gumba haraka kwa kuwa gari linaondoka?

Wako watakaosema kwamba mpira ni mchezo tu, na kwamba Tume ya Haki na Amani ina mambo makubwa zaidi ya kushughulikia. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mtu anayeamka alfajiri kufanya mazoezi, anayesafiri kwa amri ya mwajiri, anayeumia goti akiwa kazini, na ambaye mkewe na watoto wanakula kwa jasho lake, huyo ni mfanyakazi. Katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo II alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya, wala si kwa faida inayopatikana. Mafundisho hayo hayakumtenga mvuvi, mkulima wala mcheza mpira.

Tena kazi hii ni ya muda mfupi kuliko nyingine nyingi. Tumtazame mwana wa mkoa huu, mlinda mlango Juma Kaseja, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 2003, akiwa bado kijana mbichi, alisimama langoni mjini Cairo Simba ilipoing'oa Zamalek kwa mikwaju ya penalti katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Aliitumikia klabu hiyo kwa miaka mingi, akawa nahodha, lakini mwaka 2013 haikumwongezea mkataba. Alitafuta riziki katika klabu nyingine, na mwaka 2019 akaitwa tena Taifa Stars na kuisaidia kuzitoa Kenya na Burundi kwa mikwaju ya penalti. Maisha yake yanatufundisha uvumilivu. Yanatufundisha pia kwamba mapenzi ya mashabiki, hata yakiwa makubwa namna gani, si hati ya ajira. Siku mkataba unapokwisha, nyimbo za jukwaani hazilipi kodi ya nyumba.

Sisi wa mwambao tunalifahamu jambo hili kwa mfano wa kwetu wenyewe. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani wakati wa giza, taa zikiwaka juu ya maji, na mbalamwezi inapokuja hupumzika na kugawana. Mafuta hutolewa kwanza, kisha tajiri wa chombo huchukua sehemu yake, na wavuvi sehemu yao. Palipo na mapatano yaliyosemwa wazi kabla ya kuingia majini, mgawo huisha kwa amani hata kama samaki ni wachache. Pasipo na mapatano hayo, ugomvi huzuka hata kama mitumbwi imejaa. Ugomvi huo huletwa na neno lililoachwa nusu, wala si uchache wa dagaa. Mkataba wa mpira ni mapatano ya namna hiyo hiyo, ila umeandikwa, mara nyingi kwa Kiingereza au Kifaransa, na anayeingia majini ni mtoto wetu.

Jambo hili limetukaribia kuliko zamani. Msimu wa 2023/2024 timu ya Mashujaa ya hapa Kigoma ilipanda Ligi Kuu, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukaanza kupokea timu kubwa za nchi. Ni furaha yetu sote. Lakini kila mlango unaofunguliwa kwa riziki hupitisha pia wenye hila. Pale vijana wanapoonekana, hapo hapo hujitokeza watu wanaojiita mawakala. Afrika Magharibi, anakotoka Morrison, imelionja jambo hili kwa uchungu. Vijana wengi walichukuliwa kwa ahadi ya klabu za Ulaya, wazazi wao wakauza mashamba na vito ili kulipia safari, na walipofika Paris au kwingineko walikuta hakuna klabu, hakuna majaribio, na aliyewaleta ametoweka. Mwaka 2000 Jean-Claude Mbvoumin, aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya Kamerun, alianzisha huko Ufaransa chama cha kuwasaidia vijana wa aina hiyo. Chama hakianzishwi kwa ajili ya mtu mmoja aliyepotea njia. Kilianzishwa kwa sababu walikuwa wengi.

Basi ni vema kila mzazi na kila kiongozi wa jumuiya ayajue mambo machache yaliyomo katika kanuni za FIFA, yaani shirikisho la mpira la dunia, kwa kuwa ujinga wa mnyonge ndio mtaji wa mjanja.

Kanuni hizo hazimruhusu mchezaji aliye chini ya umri wa miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi kuhama kwa shughuli zisizohusiana na mpira. Kwa hiyo mtu anayekuja kumchukua mtoto wa miaka kumi na mitano ampeleke klabu ya nchi ya mbali, huku wazazi wakibaki Ujiji, anapaswa kuulizwa maswali mengi kabla ya kupewa kikombe cha chai.

Mkataba wa mchezaji aliye chini ya miaka 18 hauruhusiwi kuzidi miaka mitatu. Kwa mtu mzima kikomo cha kawaida ni miaka mitano. Mchezaji mwenye mkataba haruhusiwi kusaini na klabu nyingine mpaka ibaki miezi sita au pungufu. Na klabu ikikaa bila haki kwa miezi miwili pasipo kulipa mishahara, mchezaji anaweza kuvunja mkataba kihalali baada ya kuipa klabu taarifa ya maandishi na siku zisizopungua kumi na tano za kutimiza wajibu wake. Tunasisitiza maneno hayo: taarifa ya maandishi. Anayeondoka usiku kwa hasira, ingawa anadai haki, huenda akageuzwa yeye kuwa mkosaji.

Kuhusu mawakala, tangu mwaka 2023 FIFA inataka wakala awe na leseni anayoipata kwa kufaulu mtihani. Mwenye leseni anaweza kuionyesha. Anayekasirika akiulizwa leseni amekwisha kujieleza.

Lipo jambo jingine ambalo wachache wanalijua, nalo linahusu timu zetu ndogo za mitaa. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya fedha ya uhamisho hutengwa kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Tuchukue mfano. Kijana amelelewa na timu ya Ujiji tangu msimu alipotimiza miaka 12 hadi msimu alipotimiza 15, kisha akaenda Dar es Salaam, na baadaye akauzwa ng'ambo kwa shilingi 1,000,000,000. Kila mmoja wa misimu hiyo minne una robo ya asilimia, yaani shilingi 2,500,000. Timu ya Ujiji inastahili jumla ya shilingi 10,000,000. Fedha hiyo ingeweza kununua mipira na viatu kwa watoto wengi. Lakini haitapatikana ikiwa timu haijasajiliwa, au ikiwa jina la mtoto halikuandikwa popote, au likiandikwa kwa umri wa uongo. Ndiyo maana tunasema kwamba daftari la timu na cheti cha kuzaliwa ni zana za mpira kama vile neti na filimbi.

Hapa hatuna budi kusema neno gumu kwetu wenyewe, kwa kuwa haki haina upande mmoja. Wapo wazazi na walimu wa mpira wanaopunguza umri wa watoto ili wachaguliwe. Wapo vijana wanaosaini karatasi mbili kwa klabu mbili katika wiki moja, wakila fedha za pande zote, halafu wanajificha. Wapo viongozi wa timu wanaomficha kijana nakala ya mkataba wake ili asijue lini anakuwa huru. Mambo haya yote ni uongo, na uongo wa mnyonge haugeuki kuwa ukweli kwa sababu tu yeye ni mnyonge. Klabu iliyogharimia chakula, malazi na matibabu ya mchezaji ina haki ya kuona ahadi ikitimizwa, sawasawa na mchezaji aliye na haki ya mshahara wake.

Wengine watatuambia: kijana akianza kuuliza karatasi, klabu itamwacha na kumchukua mwingine asiyeuliza. Hofu hiyo ni ya kweli, nasi hatuibezi, kwa maana umaskini hausubiri. Lakini tutazame mwisho wa habari ya Morrison. Alisimama mbele ya kamati, akasimama mbele ya mahakama, na hukumu ikatoka. Je, alifukuzwa katika soka? La. Julai 2022 alirudi Yanga, klabu ile ile iliyokata rufaa dhidi yake. Mei 2023 alifunga bao katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya Marumo Gallants ya Afrika Kusini, msimu ambao Yanga ilifika fainali. Mwaka huo huo alikwenda FAR Rabat ya Moroko. Waliobishana mahakamani walikula tena meza moja. Shauri lililoamuliwa kwa utaratibu huacha njia ya kupatana, ilhali manung'uniko yaliyofukiwa huoza na kunuka.

Tofauti ni kwamba Morrison alikuwa na jina, na waliokuwa tayari kumsikiliza. Kijana wetu hana. Kwa hiyo jumuiya lazima iwe jina lake. Tunawaomba viongozi wa walei katika kila parokia ya mwambao huu wafanye mambo yafuatayo, ambayo hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, wahimize kila mtoto aandikishwe na apate cheti cha kuzaliwa, na mzazi akitunze mahali pakavu. Pili, ateuliwe katika parokia mtu mmoja au wawili, mwalimu, karani au mwanasheria, mwanamume au mwanamke, wa dini yoyote, ambaye kijana wa dini yoyote anaweza kumletea mkataba. Mpira wa Ujiji hauulizi nani Mkristo na nani Mwislamu, wala msaada huu usiulize. Mtu huyo ausome mkataba kwa sauti, kwa Kiswahili au kwa Kiha, mbele ya kijana na wazazi, na asichukue chochote. Tatu, pasiwe na saini siku ile ile karatasi inapoletwa. Ilale usiku mmoja nyumbani. Nne, kijana abaki na nakala yake, yenye tarehe, kiasi cha mshahara, muda wa mkataba, na nani atalipia matibabu akiumia. Tano, mzazi asitoe hata senti kwa mtu anayedai ada ya majaribio ya ng'ambo kabla habari hiyo haijathibitishwa na klabu yenyewe na chama cha mpira cha mkoa.

Na jambo la sita ni la kijana mwenyewe. Asiache shule, au kama ameiacha, ashike ufundi. Goti moja likivunjika, safari ya miaka kumi hukatika kwa dakika moja. Anayejua kushona, kuunda mtumbwi, kutengeneza injini au kusoma hesabu hatakuwa mateka wa karatasi yoyote, kwa kuwa anaweza kuikataa.

Tunawapongeza walimu wa mpira wanaojitolea jioni kwa jioni katika viwanja vyetu vya vumbi na mchanga. Kazi yao ni ya malezi, nayo haionekani katika magazeti. Tunawaomba waongeze zoezi moja katika ratiba yao: baada ya kufundisha namna ya kupiga penalti, wawakalishe vijana chini ya mwembe na kuwafundisha namna ya kusoma mkataba. Mwenye mahali pa kukutania, ofisi za parokia ziko wazi kwake.

Amani iwe nanyi, na haki itangulie mbele yake.